Gari Kubwa la Fundi Nukta

Fundi Nukta ni mfupi, tusizungushe maneno. Kazi yake kushona viti vya magari, na ufupi ndio mtaji wake: anaingia chini ya kiti mzima mzima, wenzake wakihangaika kujipinda viuno. Mkewe naye ni twiga. Wakipita pamoja, watu wanaziba midomo wasicheke. Wazibe tu! Nyumbani kwao wenyewe wanagombania kujuliana hali.

Walikuwa na kigari kama kiberiti. Mama ndiye dereva, magoti yamekumbatia usukani. Siku moja lori likamgonga kwa nyuma. Akatoka na bega limeteguka tu, lakini toka siku hiyo gari hapandi. Kazini mguu, sokoni mguu. Sasa binti yao kajifungua mji wa mbali, mjukuu wa kwanza huyo, na bibi mtu hata basi hataki kulisikia. Akitazama picha ya mtoto kwenye simu machozi yanamtoka, ukimuuliza anasema mafua.

Mafua gani hayo ya kila siku? Jambo hilo likamkaa Nukta rohoni. Akauza kigari, akarudi na gari kubwa kama nyumba.

"Mama Watoto, hili hata tembo akiligonga, tembo ndiye anakwenda hospitali!"

"Sawa, na wewe uko wapi humo? Mbona naona usukani tu?"

Kweli, kichwa hakionekani. Lakini Nukta ashindwe na kiti, yeye? Akakifumua, akashindilia sponji, akaongeza nyingine, akashona. Kiti kikavimba kama mimba ya mapacha. Akapanda. Lo, barabara yote anaiona! Akawasha, akaweka gia, gari likaanza kutambaa lenyewe. Mguu ukashuka kutafuta breki. Wapi! Unaning'inia kama wa mtoto kwenye kiti cha kinyozi.

"Breki, wewe! Breki!"

"Naitafuta!"

"Kwani imehama?"

Gari likaenda kujikita kwenye rundo la viti vya wateja pale uani, pufu, likatulia. Mama akaja amefura.

"Shuka."

"Nipunguze sponji kidogo tu, mke wangu..."

"Shuka nimesema! Ndivyo ulivyotaka kwenda kwa mjukuu wangu, miguu inapunga upepo?"

Nukta akashuka, akachana mshono wake mwenyewe, akang'oa sponji zote. Mama akamtazama anavyohangaika, jasho linamtiririka. Alipomaliza, Mama akamsogeza pembeni, akapanda yeye. Magoti yakakaa sawa, hayagusi kitu. Lakini macho yake hayabanduki kwenye kioo cha nyuma.

Nukta akaliona hilo. Akazunguka upande wa pili, akaparamia, akafunga mkanda.

"Mama Watoto, wewe tazama mbele. Nyuma niachie mimi."

"Njia nzima? Shingo si itakatika?"

"Ikatike. Mimi si fundi? Nitaishona."

Mama akacheka, huku kakunja uso. Kisha akarudi nyuma taratibu, akageuza, wakatoka getini. Nukta kaigeuza shingo anatangaza: "Baiskeli. Kuku. Baiskeli ile ile. Lori, lakini liko mbali, limeegeshwa. Sasa hamna kitu."

"Baba Watoto, hebu nyamaza," mama akasema. "Naendesha."

Akakanyaga mafuta.