Kigari Chenye Tausi

Harufu ya chuma kinachochomelewa hunikasirisha. Wengine hupenda harufu ya mvua ya kwanza au ya mahindi ya kuchoma, nami sina neno nao. Mimi moshi ule mkali ukinifikia, natamani kurusha kitu. Juzi nilikuwa kwenye mkutano wa kazi mjini Wote. Kazi yangu ni kubuni viti na vitanda vya hospitali. Kijana mmoja mtanashati akasimama kutuonyesha picha ya kiti alichobuni kwa ajili ya watu wasiotembea, watu kama mimi, akamaliza kwa tabasamu pana: "Si mmekipenda?" Jirani kulikuwa na fundi akichomelea madirisha, na harufu ikaingia ndani. Nilimjibu yule kijana vibaya mno, na wenzangu wakanilaumu. Wao sikuwaeleza. Ninyi nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa fundi wa mageti pale Emali, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, malori yakipita mchana kutwa. Watu walitoka Kiboko na hata Loitokitok kumfuata yeye, kwa sababu mageti yake hayakusumbua, na hayakusumbua kwa sababu baba alijua kuuliza. Kabla hajagusa chuma alimkalisha mteja juu ya mkebe wa rangi akamhoji kama polisi. Nani hufungua geti usiku? Ana nguvu? Ng'ombe hupitia wapi? Mbwa wako huchimba? Mtu alikuja akitaka simba wawili wa kumtisha jirani, akaondoka amegundua kwamba anachohitaji ni mlango mdogo wa kupitia mama yake mzee. Mimi nilisikiliza yote hayo nikiwa chini, kwenye gunia, miguu yangu miembamba imekunjwa upande mmoja. Miguu hiyo haikuwahi kunibeba. Nilitambaa, na nilitambaa kwa kasi. Mikononi nilivaa ndara kuukuu ili mawe yasinikwaruze, na pale nyumbani hapakuwa na mahali niliposhindwa kufika.

Nilipoingia darasa la tatu mama alikuwa amechoka kunibeba mgongoni hadi shuleni, basi baba akaamua kunitengenezea kigari. Mtu yule aliyejua kuuliza akaenda kuuliza. Alimuuliza mchungaji. Alimuuliza mwalimu mkuu na muuguzi wa zahanati, akamuuliza hata mjomba ambaye aliwahi kuona kigari cha namna hiyo huko Nairobi. Walikuja kibandani wakasimama wakijadiliana, na maneno yao yalipita juu ya kichwa changu.

"Anaweza kukaa wima?"

"Atakaa tu, wewe mfunge na mkanda."

Nilikuwa pale pale, miguuni pao! Katika mwili wangu wote kilichokuwa kizima kabisa ni mdomo, na hicho ndicho hakuna aliyekitaka.

Kigari kikakamilika, na sitawadanganya, kilikuwa kizuri. Kiti kiliinuliwa juu ili nilingane na watu. Nyuma kulikuwa na chuma cha kusukumia. Kilipakwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye geti la tajiri fulani, na mgongoni baba aliweka tausi aliyekunjua mkia, kila unyoya umechomelewa peke yake. Jumapili kikapelekwa kanisani kuombewa. Akina mama waliimba wakinizungusha katikati ya viti, kisha mchungaji akaniinamia na maiki yake.

"Ndunge, si umefurahi?"

Kanisa zima lilinitazama. Mama alikuwa akifuta machozi kwa leso. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilisema ndiyo, wakapiga makofi.

Jumatatu ndipo nilipojua nimefungwa. Chini nilikuwa na mikono yangu, lakini huko juu sikuwa na lolote. Wasichana wa zamu walinisukuma hadi darasani. Wakati wa kucheza walinisukuma kivulini, wakaniacha hapo wakaenda zao. Vyoo vilikuwa nyuma ya darasa la mwisho, na milango yake ilikuwa myembamba kuliko kigari. Kwenda huko ilibidi niinue mkono, nimwambie mwalimu wavulana wakisikia, wasichana wawili wanitoe kitini, wanibebe, wasimame mlangoni wakicheka na kuniharakisha. Nilivumilia siku chache. Kisha nikaacha kunywa maji. Baadaye nikaacha na chai ya asubuhi. Na Emali, kwa anayelijua joto lake, si mahali pa kukaa bila maji.

Nilizirai darasani, nikapelekwa zahanati. Muuguzi akasema mtoto amekauka, akaketi nami mpaka nilipomaliza jagi zima la maji. Baba alikuja kunichukua, akanisukuma moja kwa moja hadi kibandani, akaanza kufoka mbele ya wateja.

"Chupa iko hapa, imejaa! Unakataa maji juu ya nini? Unataka watu waseme sikutunzi?"

Swali la namna hiyo halitaki jibu. Linataka mtoto alie. Sikulia. Jagi la muuguzi lilikuwa limefika kibofuni, nami sikuwa tayari kuomba kubebwa tena. Nilifungua mkanda nikajitupa kutoka kule juu. Niliangukia bega, na mwanamke mmoja aliyekuja kuulizia dirisha akapiga mayowe. Nikatambaa kwa viganja vitupu, juu ya vipande vya chuma na waya, kuelekea choo kilichokuwa nyuma ya kibanda, huku nikipiga kelele bila kugeuka: "Huku ndiko nataka kwenda! Huku! Peke yangu!"

Baba alinifuata, akasimama mbali mpaka nilipotoka. Kisha akaketi kwenye vumbi kando yangu. Sikuwahi kumwona ameketi chini. Sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya kuwahoji wateja.

"Ukifika kwa mlango, unashika wapi?"

Nikamwonyesha.

"Unaanza na mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Na kule shule, mlango inafunguka ndani ama nje?"

Nilijibu kwa hasira, jibu moja moja, naye hakuacha kuuliza. Wateja walichoka wakaenda. Kabla ya jioni alikuwa amemkata tausi. Kigari kilishuka hadi kimo cha goti, kikawa chembamba, chenye magurudumu ambayo mikono yangu ilifikia, na mimi nikaweza kushuka na kupanda bila mtu. Shuleni akafunga chuma cha kushika mlangoni mwa choo. Kigari kile kilikuwa kibaya kutazama. Mchungaji alisikitika sana kuhusu tausi.

Lakini sikumsamehe baba. Nilikua na hasira hiyo, nikasoma nayo, nikaingia nayo kazini. Mwenye kutaka geti alipewa maswali asubuhi nzima, mimi mwanawe nikapewa mkanda. Niliamini kwamba machoni pake mimi nilikuwa mzigo tu wa kuhamishwa kutoka hapa hadi pale.

Mwaka jana alipougua nilikwenda kumtazama, na tulipokuwa tumekaa nje juani nikamuuliza kwa nini hakuniuliza mimi tangu mwanzo.

"Niliogopa," akasema. "Nilijua nikikuuliza unataka nini, utaniambia unataka kutembea. Na hiyo, mwanangu, mimi singeweza kuweld."

Ndipo nikaelewa kwa nini wanazungumza juu ya vichwa vyetu, na kwa nini kijana kama yule wa mkutano wa Wote huuliza tu kama tumependa. Wanaliogopa jibu ambalo wamejitungia wenyewe. Nilimhurumia baba, na hasira ikanipanda upya, vyote kwa pamoja. Nilimwambia kwamba mwaka ule kutembea hakukunijia akilini hata siku moja.

"Nilitaka kukojoa tu, baba."