Kona ya Tano Niliyoisoma Tatu

Woga wangu unakaa magotini. Huanzia hapo hadi leo, kila nikisikia mtu akichomelea chuma, kwa sababu ya mchana mmoja wa miaka ya tisini, kule Kabras kwenye mashamba ya miwa, katika mbio za magari za mwisho wa msimu.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa dereva. Mimi nilikaa kiti cha kushoto na daftari mapajani, nikimsomea barabara kabla hajaiona. Kila kona tuliipa namba: tano ilikuwa ya kukanyaga mafuta, moja ya kukaribia kusimama. Miwa ikiwa mirefu kona haionekani, kwa hiyo alifuata namba yangu tu. Mtu akikukabidhi roho yake hivyo, unajifunza hata kutokohoa ovyo.

Timu yetu ilikuwa na magari mawili. La kwanza liliendeshwa na nyota wetu, aliyekuwa akipigania ubingwa na mpinzani mmoja kutoka Nairobi. Letu lilikuwa la kumsaidia. Kazi yetu siku hiyo ilikuwa moja: tumalize mbele ya yule mpinzani, tumnyang'anye pointi, nyota apate kombe.

Saa saba mchana magari yaliingia Malava kutengenezwa. Mafundi wakagundua kwamba gari la nyota lina ufa katika mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele, na hakukuwa na mwingine wa akiba. Meneja hakuwaza hata dakika moja. Akaamuru mkono mzima, usio na ufa, utolewe kwenye gari letu apewe nyota, na ule wenye ufa uchomelewe, tufungiwe sisi. Shemeji alikuwa ng'ambo ya barabara, amempakata mtoto wake wa miezi minne, dada akimlisha chapati.

Nilikuwa nimesomea kuchomelea katika chuo cha ufundi cha Sigalagala. Niliinama, nikaona ufa umepita pale walipochomelea, mwembamba, umeendelea urefu wa kidole. Nikamwonyesha meneja.

"Itafika tu. Ni kilomita thelathini," akasema. "Na usimwambie shemeji yako. Huyu akijua anaogopanga, na akiogopa kombe limeenda."

Ningeweza kuvuka barabara. Zilikuwa hatua kumi. Sikuvuka, na sina kisingizio: nilimwogopa meneja, niliogopa kuitwa mwoga, niliogopa kuwa mtu aliyeipotezea timu kombe. Nikafunga mkanda.

Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza kulowesha udongo. Tuliingia kati ya mashamba ya miwa, na kila shimo lilinigonga magotini. Nilisikiliza gurudumu badala ya injini. Akilini nilimwona dada akiletewa habari. Halafu nikafika ukurasa wa ile kona ndefu ya kuteremkia mtoni, iliyoandikwa tano kwa mwandiko wangu mwenyewe, na mdomo wangu ukasema, "Tatu."

Akapunguza. Kona iliyofuata ilikuwa nne, nikasema mbili. Nilimdanganya hivyo njia yote iliyobaki, nikingoja kishindo ambacho hakikuja.

Tuliporudi Malava tulikuwa nyuma ya mpinzani kwa sekunde tisa. Kombe likaenda Nairobi. Meneja alikuja akifoka, na shemeji akamkatiza: "Ni mimi nimeogopa njia. Huyu wachana naye."

Meneja alipoondoka, shemeji akanigeukia. "Ile ya mtoni unasomanga tano. Leo umesema tatu. Kuna nini mimi sijui?"

Nilionyesha gurudumu tu. Akalala kwenye matope, akaingia chini ya gari, akaingiza ukucha kwenye ufa. Ukazama wote. Alikaa huko muda mrefu, mimi nikitazama viatu vyake.

Alipotoka hakunipiga, ingawa nilitamani anipige. Aliniuliza kwa upole, "Na kama tungeshinda, shemeji, ungeniambia?"

Dada alikuwa anakuja na mtoto mgongoni, akitupungia mkono. Nilifunga daftari, nikamtazama dada hadi akatufikia.

Yule mtoto sasa anaendesha gari lake mwenyewe. Baba yake hajawahi kurudia swali lile, na kila tukikaa meza moja naogopa kwamba leo ataliuliza tena.