Mguu wa Kulia

Kila likizo baba watoto alikodi gari. Kabla ya kuliondoa alilizunguka, akipapasa kila mkwaruzo kwa kidole gumba, asije akasingiziwa siku ya kulirudisha. Kisha aliushika usukani kwa mikono miwili, na hakuuachia mpaka mlangoni kwa mama yake. Njiani hakuwa mtu wa maneno. Watoto wakimwonyesha kitu aliitikia, "Naona," macho yakiwa barabarani. Pembeni yake mkewe alilala fofofo, akiamini kwamba mume wake anapenda tu kuendesha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwaka huu mkewe ndiye aliyesema, "Tupande basi, baba watoto. Umechoka." Alibisha, akataja mabegi, akataja kungoja kituoni, mwisho akakubali shingo upande. Ndani ya basi alikaa wima, na kwenye kila kona mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu, kana kwamba dereva angesahau breki asipomsaidia. Walipomaliza mlima aligeukia dirisha.

"Kumbe hapa pana ziwa?"

"Baba," akasema binti yake, "si kila mwaka tunakuonyesha, unasema unaona?"

Alilitazama mpaka likapotea, halafu usingizi ukamchukua begani kwa mkewe. Mguu peke yake haukupata habari, uliendelea kukanyaga. Mkewe akavua kiatu, akaweka wayo wake juu ya mguu ule, akaukandamiza polepole mpaka ukatulia.