Chuma Chini ya Kitanda

Kwetu mwanamke akizaa, mama yake anamletea kuni. Si zawadi, ni lazima. Maji ya kumkanda mzazi, maji ya kuogesha mtoto, uji wa mtama wa kuleta maziwa, vyote viive kwa kuni zilizopasuliwa na mkono wa yule aliyemzaa. Mume hagusi. Mama mkwe hagusi. Na mzazi mwenyewe hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kianguke. Anakaa ndani, ananyonyesha, anasikiliza.

Mimi nilisikiliza siku tano. Siku ya sita mama yangu aliumia jicho, na jicho lile halikurudi. Nasema mapema ili mtu asisome akingojea muujiza.

Alishuka kutoka milima ya Masisi, nusu kwa miguu, nusu juu ya magunia ya viazi ndani ya lori, na shoka lake mwenyewe limefungwa ndani ya kikwembe, kitenge chake, kama mtoto mwingine. Nilikuwa nimezaa juzi yake. Hakuketi hata kidogo. Alimtazama mjukuu, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji la uso, akauliza, “Kuni iko wapi?”

Kuni zilikuwa uani, hapa kwetu mtaa wa Mapendo, Goma. Vipande vya karatusi vilivyoletwa kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, vinene kama paja la mwanaume, vikavu. Mwenye kujua karatusi anajua: mbichi inapasuka yenyewe kama muhogo, kavu inafunga nyuzi zake na kukutazama. Na ile ilikuwa na mafundo.

Sasa sikieni ardhi yetu. Mlimani kwa mama kuna udongo. Unalaza kuni chini, unaishika kwa mguu, unapiga. Shoka likipita, linaingia katika udongo, basi, unalitoa. Hivyo ndivyo mama yake alivyompasulia, na bibi yake. Goma hakuna udongo. Goma tunalala juu ya jiwe la volkano, jeusi, lenye meno, linalokula viatu. Kila mtu wa Goma anajua kwamba kuni hazipasuliwi chini, zinapasuliwa juu ya gogo. Na sisi tulikuwa na gogo. Wiki moja kabla sijazaa, mvua ilinyesha siku nne, kuni zote za nje zikalowa, mama mkwe akaliingiza gogo jikoni.

“Mama, gogo tena?” nilimwuliza.

“Gogo si kuni? Ama iko na cheti ya ndoa?”

Maharagwe yaliiva. Tulikula sote. Hata mimi nilikula.

Kwa hiyo nisiseme ni jiwe, wala nisiseme ni mama mkwe. Chini ya kitanda nilicholalia na mtoto wangu kulikuwa na chuma. Na chuma kile nilikiweka mimi.

Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa umanite, yaani sekondari. Mwalimu wa fizike alitufundisha mashine ndogo ndogo: wenzo, roda, mteremko, na kabari, ambayo yeye aliiita kwa Kifaransa *le coin*. Alichora kabari ubaoni na mishale miwili, nguvu inashuka, mbao inaachana kushoto na kulia. Nilipata pwe zote, alama zote za mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba hayo yalihusu mama zetu. Tulidhani yalihusu mtihani.

Nilipokuwa na mimba kubwa na kupiga shoka kunanishinda, ndipo kabari ile iliponirudia. Kwa nini tuinue chuma kizito juu ya kichwa na kukiangusha tukiomba Mungu kipate mahali pake? Kiache chuma chini. Kisimame, makali juu, kisitikisike. Weka kipande cha karatusi juu yake, kigonge kwa nyundo, mkono usipite bega. Kuni inajipasua kwa kushuka. Hakuna shoka linaloruka, hakuna kuweka mguu karibu na makali, hakuna mgongo wa kuvunjika. Nilichora kwa makaa nyuma ya mlango. Mume wangu anafanya kazi garaji; akaelewa mara moja, akaleta kipande cha resori ya lori, ile springi bapa ya chuma, kirefu kama mkono kutoka kiwiko. Ilibaki kukinoa upande mmoja na kukichomelea katikati ya rimu ya gurudumu la zamani ili kisianguke. Basi. Hakuna zaidi.

Mama mkwe aliona mchoro.

“Ee! Mutoto wa ekole anatafuta mashini ya kupasula fimbo mbili!”

Jirani yetu, mama mmoja wa Butembo anayeuza maharagwe, akadakia juu ya ua: “Mama, na ya kukutafunia chakula, ile utaileta lini?”

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja, na bibi harusi anayeitwa mvivu anaitwa hivyo mpaka kaburini. Nikafuta mchoro kwa kitambaa. Nikasukuma chuma chini ya kitanda kwa mguu. Nikamwambia mume wangu, “Acha kwanza.”

Naye akaacha. Mwanaume ukimwambia afanye, anataka kuelezwa mara tatu. Ukimwambia aache, anasikia mara moja.

Basi mama akapasua kuni zangu chini, juu ya jiwe, kama mlimani. Nyumba yetu ni ya mbao; kila pigo lilipita ubaoni likaniingia mgongoni. Nilihesabu. Kipande chepesi, mapigo manne. Chenye fundo, kumi na moja, kumi na mbili. Kati ya mapigo nilimsikia anapumua na kusema “Yezu wangu,” bila kulalamika, kama mtu anayesalimia jirani.

“Mama!” niliita kupitia ubao. “Chini ni jiwe!”

“Najua. Limekula ndara yangu.”

“Tafuta kitu cha kuweka chini.”

“Weye nyonyesha mutoto.”

“Mama, kuna chuma hapa chini ya kitanda. Papa ya mutoto anaweza kukitengeneza, unagonga tu na nyundo, hauchoki.”

Alicheka. Mama yangu ana kicheko cha tumboni. “Kuni ya muzazi bila jasho itatoa moto gani? Itatoa moshi. Mama yangu alinipasulaka yangu na homa kichwani. Mimi niko na afya, nipasule na nyundo kama fundi wa viatu?”

Ningeweza kusimama. Ningeweza kukitoa chuma kile, kumwita mume wangu na kusema leo, si kesho. Lakini kitovu hakijaanguka, mama mkwe yuko jikoni, na mimi ni mke mwema. Nikabadilisha ziwa, nikaendelea kuhesabu.

Siku ya sita sauti ilikuwa nyingine. Shoka lilipita kuni likapiga jiwe, *teng*. Halafu kimya. Nilingoja pigo la pili. Halikuja.

Mama aliingia ameziba jicho la kushoto kwa kiganja. Alikuwa anacheka.

“Iko kajiwe tu. Kadogo. Nipe maziwa.”

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo. Kwetu jicho likiumia, linatiwa maziwa ya mzazi. Kila mtu anajua. Kazi iliyomuumiza mama ilikuja kwa sababu ya mzazi mwenye maziwa mapya, na dawa ikawa ndani ya nyumba ileile. Nani angetafuta nyingine? Alilaza kichwa mapajani mwangu, kando ya mtoto. Nilikamua matone, moja, mawili, jicho likajaa, maziwa yakamwagika sikioni. Alifumba akasema, “Iko ya moto. Nzuri.”

Mimi! Niliyechora jicho katika daftari la bayoloji, kwa rangi tatu, na kuandika jina la kila ngozi! Nilimtia mama yangu maziwa machoni siku tatu, asubuhi na jioni. Sikuamini, wala sikukataa. Nilitaka tu iwe kweli. Mtu amekupasulia kuni siku sita na wewe umelala, unatamani mwili wako uwe na kitu cha kumrudishia.

Na siku hizo tatu hakuacha. Alijifunga kitambaa usoni akaendelea na jicho moja, kwa sababu kuni za mzazi hazikatizwi.

Siku ya nne alipofungua kitambaa, jicho lilikuwa jeupe kama yai lililochemshwa.

Mume wangu alimpeleka hospitali. Na hapo pia tulikuwa na mila zetu tunazojivunia: mkwe hatembei bega kwa bega na mama wa mke wake, hamshiki mkono, hamtazami usoni. Niliwatazama kutoka mlangoni. Yeye mbele, mama nyuma hatua kumi, juu ya mawe yale, na jicho moja lisilojua bado kupima shimo. Akajikwaa. Mume wangu akasimama, hakugeuka, hakujua la kufanya na mikono yake. Akajikwaa tena. Ndipo mume wangu akarudi uani akichungulia chini, akaokota katika kuni zangu kipande kirefu chembamba, akashika ncha moja, akanyoosha nyingine nyuma bila kutazama. Mama akaishika. Wakaenda hivyo mpaka wakapotea kwenye kona. Kwa kipande kile cha kuni nilimsamehe mume wangu mambo mengine, si hili la chuma.

Hospitalini waliuliza swali moja: “Mulikuwa mnangoja nini?” Kama wangeniuliza mimi ningesema: tulikuwa tunangoja kitovu kianguke.

Jioni hiyohiyo kilianguka.

Kesho yake mume wangu aliinama, akatoa chuma chini ya kitanda, akaenda nacho garaji. Aliondoka nyumbani baada ya chakula cha mchana. Kabla mvua ya jioni haijaanza alikuwa amerudi, rimu begani, chuma kimesimama katikati, makali yanang’aa. Mchana mmoja, na hata haukuisha. Miezi miwili kimelala chini yangu, nakigusa kwa mguu nikishuka kukojoa, na kazi yake ilikuwa ya mchana mmoja.

Mama mkwe alikizunguka. Akaweka juu yake kipande chenye fundo baya, akagonga. Tatu. Kikaachana. Akagonga kingine, na kingine, akapasua vyote vilivyobaki, kuni za mzazi ambazo hakupaswa kuzigusa, na hakuna aliyemwambia kitu. Alikuwa analia, nadhani, sikumwendea. Jirani wa Butembo aliomba kukiazima wiki ileile. Hakuuliza tena kuhusu mashini ya kunitafunia. Leo wanawake sita wanakuja na vipande vyao uani kwetu, wengine na watoto mgongoni, wanagonga, wanaongea, hawatoki jasho. Wananiita mwenye akili. Nikisikia neno hilo nataka kurusha nyundo.

Mama alirudi Masisi na jicho limefumbwa. Kule aliwaambia watu kwamba kijiti cha mahindi kilimchoma shambani. Alibeba uongo huo mlimani ili mtu asiseme binti yake msomi wa ekole alimpofusha. Niliusikia baadaye, kwa mdomo wa mtu wa lori.

Sasa nimezaa tena. Na siku ya tatu nani amesimama mlangoni? Na shoka ndani ya kikwembe!

“Mama, ulikuja namna gani?”

“Na miguu. Kuni iko wapi?”

Mume wangu alikuwa amemwekea chuma uani na kigoda kando yake. Nilimsikia anakizunguka. Nilimsikia anaketi. Halafu nyundo: *ko, ko,* na kuni kuachana. Si pigo zito lile lililoniingia mgongoni. Sauti ndogo, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Kipande, kipande, bila “Yezu wangu.”

Akaniita kupitia ubao.

“Mwanangu! Hii kitu iko muzuri sana!”

Nikamwinua mtoto begani.

“Ju ya nini haukunipa siku ile?”

Hakuwa ananihukumu. Namjua. Alikuwa anauliza tu, kama unavyomwuliza mtu kwa nini hakukuambia kuna chumvi. Aliyakumbuka ya jiwe na ya maziwa, ya kicheko chake mwenyewe alikuwa ameyasahau. Niliyafikiria yote niliyoandika hapa, na hakuna moja lililotosha kupita katikati ya mbao.

Nyundo ikaanza tena, ikakosa. Ikakosa tena. Nikachungulia penye ufa. Alikuwa ananyoosha mkono wa kushoto kutafuta kipande kingine. Kipande kipo, mkono unaishia kabla yake, unashika hewa.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka.

“We! Rudi ndani!” mama mkwe alipiga kelele jikoni. “Kitovu hakijaanguka!”

“Kitaangukia nje!”

Nikachuchumaa upande wake wa kushoto, ule usiomwona mtu. Mama akageuza kichwa chote ili anipate. Alifungua kinywa kunigombeza. Nikamwekea kuni mkononi.