Bukari ya muntu moya

Tantine Delphine iko infirmière, muuguzi, ku commune Kenya ya muji yetu, hapana inchi ya Kenya, mu centre de santé moya ya kadogo karibu na soko. Mu 2021, wakati alimaliza dose ya pili ya vaccin, chanjo ya corona, aliandika mu groupe WhatsApp ya famille: «Sasa niko chuma!» Alitia na picha ya mukono, kama boxeur ya ngumi. Mukono yenyewe iko kama kijiti, lakini tulimuachilia.

Mu décembre, chuma ikaanza kukohoa.

Cousin wangu Kiki njo aliandika wa kwanza: «Tantine, chuma imeshika kutu?» Tukacheka kufa. Shida, nkambo Mwape, bibi yetu, mama yake Delphine, iko na ugonjwa ya sukari, na mwisho-mwisho alikubali kwenda kudungwa juma ile. Sasa akapiga kelele ku mulango:

«Delphine! Sindano haikukusaidia weye mwenye kudunga bantu, mimi njo itanisaidia? Siendi tena!»

Delphine akajifungia mu chumba ya nyuma siku kumi, asitupatie corona. Kwetu bukari, ugali yetu, inakatwaka mu sahani moya, mikono yote ndani. Yake ilipita ku dirisha, kadogo kama mupira ya matambara. Homa ilimushika siku tatu tu. Kisha alibakia na kazi moya: kusikia shiye tunakula, tunachokozana.

Na kumuandikia Donat, mwenzake wa kazi. Mugonjwa moya alibakoholea wote wawili, siku moya. Donat alikataa vaccin, eti iko na damu ya nguvu. Corona ikamushika nguvu, balimutia ku oxygène ku hospitali. Kila asubui Delphine alimutumia blague, kitu ya kumuchekesha. Siku ya sita, hakujibu. Siku ya saba, Kiki akauliza mu groupe: «Kutu iko aje?»

Delphine akajibu: «Donat alikufa.»



Muchana, nkambo akaleta bukari yeye mwenyewe. Hakurudi kwetu. Akakaa chini ya dirisha, inje, na sahani yake.

«Mama, unafanya nini?»

«Nakula. Kula na weye.»

Bakakula, ukuta katikati.

«Weye na Donat, mugonjwa alikuwa ule ule?»

«Ule ule, mama. Sindano haikukataza corona kuingia. Lakini niko nakula.»

Nkambo akamaliza bukari yake.

«Kesho Kiki atanipeleka kudungwa, na pikipiki. Na aache kucheka-cheka mu njia.»

«Aksanti, mama.»

Delphine akafunga dirisha. Akafungua telefone, akasoma tena blague ya siku ya sita, ile Donat hakuisoma.