Mafuta Yaliyotoka Uani kwa Jirani

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilifundisha kemia, siye tuliiita shimi, katika lise moja, shule ya sekondari ya wasichana, pale Bunia. Kabati la maabara lilikuwa na chupa tupu tu. Wanafunzi wangu walikariri majina ya vitu ambavyo hawajawahi kuvinusa.

Siku moja nilikuwa nakunywa chai ya mchaichai kwa jirani yangu wa mtaa wa Nyakasanza, mama mfanyabiashara aliyetoka Butembo. Majani hayo yalizunguka kiwanja chake chote, yakizuia udongo usichukuliwe na mvua. Harufu ikanipa wazo: wanafunzi wayatoe mafuta yake wenyewe.

"Mama, naomba majani kidogo kwa ajili ya masomo."

"Kidogo ya nini? Kata yote, mwalimu. Itaota tena."

Mume wangu, fundi wa magari, alitoboa kifuniko cha sufuria, akaunga bomba la shaba la friji iliyokufa na kulipitisha katika ndoo ya maji baridi. Mara ya kwanza majani yalishika chini ya sufuria yakaungua, darasa likajaa moshi. Nikavunjika moyo. Ndipo msichana mmoja, mkimya sana, akasema, "Madamu, tuweke vijiti chini, majani isiguse maji."

Tukafanya hivyo. Mvuke ukapanda, matone yakadondoka, na juu ya maji ukaelea utando mwembamba wa manjano. Wasichana wakapiga vigelegele! Ubaoni niliandika "citral", kitu kinachoyapa mafuta yale harufu ya limau. Safari hii walinusa kwanza, ndipo wakaandika.

Kisha tulitia mkate katika vyombo viwili vya kioo. Chini ya kifuniko cha kimoja tulibandika karatasi yenye tone la mafuta. Wiki iliyofuata mkate mmoja ulikuwa umeota ukungu wa kijani. Ule wa mafuta ulikuwa safi. Nikamwita jirani aje aone.

"Kumbe iko na nguvu hivi, na siye tunakunywa tu!" akacheka. "Nipake mutoto?"

"Hapana, mama. Mafuta haya yasipochanganywa yanaunguza ngozi."

Mwaka ule mishahara ilichelewa, na walimu wengi waliacha chaki wakashuka Kasenyi, kando ya ziwa, kufanya biashara ya samaki. Mimi pia nilikuwa nimekubaliana na dada yangu twende. Jioni ya siku ile jirani alipokuja kuuona mkate, nikamwambia dada atangulie peke yake.

Jirani alirudi kwao kabla sijamwambia kwamba ni yeye, kwa majani yake, aliyenibakiza darasani. Ninamshukuru mpaka leo.