Usingizi Tuliomlindia Baba

Kwetu, upande wa Sosiot, mwanamume aliyekoroma alikuwa ameshiba, na aliyeshiba alikuwa ameliendesha boma lake vizuri. Baba alikoroma hadi ng'ombe wakageuza vichwa, na mama akajivuna. Mgeni akilala kwetu aliulizwa asubuhi kama amemsikia mzee. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nachuma majani chai huku nikingoja chuo ambacho hakikuniita, na nilikuwa na mdomo. Sikuona cha kujivunia. Ndani ya ule mkoromo nilikuwa nimesikia kitu kingine.

Nilikisikia mchana, kwenye kituo cha kupimia majani chai. Tulikuwa tunangoja lori la kiwanda, ambalo bila shaka lilikuwa limekwama kwenye matope pahali fulani. Baba aliketi kwenye benchi, akaegemea ukuta, na kabla sijamaliza kuchambua majani magumu ili karani asiyakatae, alikuwa ameshalala. Akakoroma. Halafu akanyamaza. Kifua kilihangaika, mdomo uko wazi, shingo yake nene imekaza, lakini hewa haikupita. Kisha akashtuka kwa mkoromo mkubwa, kama mtu aliyetolewa majini, akalala tena.

Watu wakacheka. "Wacheni mzee alale," jirani mmoja akasema. "Huyo anaota bonasi ya chai." Nami nikacheka, maana ukikataa kucheka hapo unaitwa mwenye kiburi. Lakini niliogopa.

Miaka miwili ikapita hivyo. Baba akawa anaamka na kichwa kinamuuma. Alisinzia akikamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Alisinzia kanisani, na mchungaji akamtania mbele ya watu. Halafu miguu ikaanza kuvimba, na mteremko wa shamba aliozoea kuupanda na gunia mgongoni ukawa unamsimamisha njiani akitafuta pumzi. Ndipo tukampeleka hospitali.

Daktari alimpima presha, akamsikiliza kifua, akasema presha iko juu sana na moyo umepanuka. Nikaona hapa ndipo pa kusema.

"Daktari, akilala pumzi inakatika. Inakatika kabisa, halafu inarudi."

"Wazee wote wanakoroma, dada," akasema, bila ubaya wowote. "Hata wangu nyumbani." Akaandika dawa, akamwambia mama apunguze chumvi kwa chakula na mzee apumzike.

Hilo la mwisho ndilo tulilolishika. Ukituambia mtu apumzike, sisi tunamlaza. Baba alinyang'anywa panga, kikapu na ndoo ya maziwa. Kitanda kikahamishiwa sebuleni penye jua, akalazwa chali, na mto mnene chini ya kichwa. Jamaa wakaja na nyama na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Mgonjwa haulizwi uji, na yeye hakuulizwa. Akanenepa, na tukamshukuru Mungu. Redio ikazimwa, kuku wakafukuzwa uani, watoto wa kaka wakafundishwa kutembea kwa vidole. Kadiri alivyolala ndivyo alivyochoka, na kadiri alivyochoka ndivyo tulivyomlaza.

"Mimi nachoshwa na hii kulala," aliniambia siku moja. "Nikiamka ni kama nimebeba magunia."

"Basi lala tena kidogo," mama akajibu.

Nilijaribu. Nilikaa karibu naye, na pumzi ilipokatika nilimsukuma bega. Ikarudi, lakini naye akaamka akiwa mkali: "Unaniamshia nini? Nani amekutuma?" Mama akaniondoa pale. "Daktari amesema apumzike. Wewe umesomea wapi?" Sikuwa nimesomea popote. Nilikuwa na masikio tu, na masikio hayaandiki dawa. Nilitoka nje nikachuma majani kwa hasira, yale makuukuu pamoja na machanga, na jioni karani akanirudishia nusu.

Baba alikuwa ameshazikwa miaka mingi nilipoambiwa na daktari mwingine kwamba ule ni ugonjwa. Koo hujifunga usingizini, damu inakosa hewa, moyo unashtuka na kupiga kwa nguvu ili kujiokoa, mara nyingi kila usiku, mwaka baada ya mwaka, presha ikipanda, mpaka moyo unachoka. Kuna mashine ya kusukuma hewa, akasema. Nikamuuliza, miaka ile, Kericho, tungeipata wapi? Akafikiri. "Pengine hamngeipata," akasema. Akaongeza kwamba hata kumlaza ubavu kungemsaidia kidogo. Nilitamani asingeniambia hilo.

Siku yenyewe, kina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Nilikuwa natoka shambani na kikapu, nikamkuta mama amewapokea mlangoni, kidole mdomoni, uso wake umejaa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu.

"Leo tuombe polepole," akawanong'oneza. "Leo amelala vizuri. Hata hakoromi."

Wakaingia, wakavua viatu, wakaketi kuzunguka kitanda. Mama akamimina chai taratibu, akiinamisha kila kikombe ili isitoe sauti. Mimi nilisimama mlangoni, kikapu bado mgongoni, nikingoja baba ashtuke. Mama akanikazia macho, nisije nikamwamsha.